Sarafu ya Langas: Kununua Ndiyo, Kuuza Bado

"Kwa sasa unaweza kununua tu. Kuuza bado."

Hayo ameyasema kijana mmoja, Wekesa, mchana huu, mbele ya chama cha akina mama hapa mtaani Langas. Alikuja kuwauzia sarafu mpya ya mtandaoni. Wao wana pesa ya kununua ploti, waliyoiweka akiba miaka mingi.

Nilialikwa kusikiliza, nikauliza swali la kawaida: wenye sarafu hii ni akina nani?

Akasema hawatajwi, "kwa sababu za usalama."

(Usalama wa nani, hakusema.)

Hapo mwenyekiti, Mama Njeri, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akaingilia.

"Kijana, huku hatununui ng'ombe kabla hajakamuliwa tukiona. Uza yako kidogo tu, pesa iingie kwa simu tuone."

Wekesa akacheka. Alicheka peke yake.

"Hata yangu imefungwa, Mama."

"Imefungwa na nani?"

Wekesa akatoa simu, akaanza kuibonyeza.

Kisha akasimama mwanachama mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze. Ni mamake Wekesa.

"Kwani ile pesa niliuza ng'ombe nikakupa, iko humo?"

Wekesa aliendelea kuangalia simu.

Kama ni tapeli au ametapeliwa, bado sijui. Nyinyi mnaonaje?

Chama hakijatoa hata shilingi. Wanakutana tena Jumapili baada ya ibada, na Wekesa ametakiwa kuja na majina ya wenye sarafu.

Mamake ameomba awe wa kwanza kuuliza.