Nilivyomnong'onezea Nyanya Majibu

Chekeni mtakavyo, lakini siombi msamaha. Huku Riyadh namtunza nyanya, mamake madam aliyeniajiri, ambaye husahau hata kama amekula. Madam akachagua nyumba ya wazee kule Jeddah, akasema atalipa bei yoyote. Nani huko angejua kwamba nyanya hali mpaka aimbiwe? Tukampeleka kwa daktari kupimwa kumbukumbu. Akionekana anakumbuka, kule Jeddah hawamchukui. Basi nikajifanya namrekebishia mtandio, kumbe namnong'onezea majibu kwa Kiarabu changu cha jikoni: siku, mwezi, mji. Akapata yote! Nikajiona mwalimu.

Kisha daktari akamnyooshea madam kidole. "Huyu ni nani?"

"Binti yako," nikanong'ona.

Nyanya akageuka, akanishika mkono.

"Yule simjui," akamwambia daktari. "Binti yangu ni huyu anayenipa majibu."