Neno Lililobaki kwa Bibi

Jumapili, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima hatukuuona kutwa nzima.

Nimepanda kutoka Shirimatunda, kule chini mjini, kumwona bibi aliyenilea. Mke wa kaka yangu, ndiye anayemtunza, alinipokea mlangoni. "Wifi, usiumie. Siku hizi hamjui mtu, wala hasemi." Nikaingia nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi." Akanitazama kama mpita njia.

Sijui kama nitaandika sawasawa, shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini ukilelewa na mtu unalijua neno lake. La bibi lilikuwa legeza. Wengine husema punguza mwendo, punguza moto. Yeye kila kitu alitaka kilegezwe. Tukishuka na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, sauti yake ilitufuata nyuma: "Legeza! Kwani ng'ombe amekuambia anakufa?" Ukikamua kwa pupa: "Legeza, hilo si bomba la maji." Moto ukinguruma chini ya sufuria ya mtori, supu yetu nzito ya ndizi, legeza. Hata jirani aliyekimbiza sala ya chakula aliambiwa alegeze, Mungu hajaaga. Ila nisimpambe: mara nyingine neno hilo lilikuja pamoja na kofi.

Siku hizi majani huletwa kwa bodaboda. Ile njia yetu imefunikwa na magugu, na masale, mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, yamekatwa.

Jioni niliomba nimlishe mimi. Nilienda haraka, labda nilikuwa nayakimbia yale macho. Akapaliwa. Alipotulia akanishika mkono, vidole vikavu kama maganda ya maharage.

"Legeza."

Wifi alisimama na mwiko mkononi. Nikauliza, "Bibi, umenijua?" Akakitazama kijiko. Siwezi kuandika kwamba alinitambua. Pengine alikiambia kijiko tu. Nikalegeza. Nikapuliza, nikangoja ameze, nikangoja tena.

"Wifi," alisema mke wa kaka, anacheka na kufuta machozi kwa kanga, "kwa mwendo huo utamlisha mpaka Krismasi."

Krismasi ndipo ukoo wote hupanda nyumbani, na hakuna aliyethubutu kusema kama bibi atatungoja.

Tulikula mtori. Wa bibi ulipoa bakulini, tukaupasha, ukapoa tena.