Bibi Harusi wa Ukurasa wa Kwanza

Dada yangu ameolewa Tanga, na tangu nifiwe na mume wangu alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya swala kunihimiza nifunge studio nihamie kwake. Mwanzoni nilimjibu vizuri. Baadaye nikaanza kumjibu vibaya, maana mdomo huu sikuuazima kwa mtu. Nilimwambia mimi ni mtu wa hapahapa Omurushaka, babu yetu alikuja na majora ya nguo kutoka pwani akafungua duka, na Tanga naijua kwa kusikia tu. Nikienda huko nitakuwa mgeni kwa shemeji, mtu wa kuombwa asogeze kiti watoto wapite.

Lakini haki ya Mungu, dada hakukosea. Studio ilikuwa imepoa. Zamani mume wangu alipiga picha, mimi nikipanga watu, nikiwafunga vilemba na kuwafuta jasho, na benchi la nje halikukauka wateja. Sasa kila mtu ana simu mfukoni na kila mtu ni mpigapicha. Waliobaki kwangu ni wa pasipoti, anakaa, anapigwa, anaondoka, hata habari ya kwake hakuachii. Jioni naingia chumba cha nyuma kupika. Hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo napika ndizi za mtu mmoja, na ndizi za mtu mmoja hazipikiki, wewe acha tu. Naongeza mpaka zinafika za watu watatu, halafu nakula kiporo siku mbili nikijitukana.

Ndipo tukaafikiana. Nitatengeneza tovuti, nijaribu msimu mmoja. Kwetu harusi hufuata kahawa, watu wakishauza kahawa ndipo wanaoza na kuoa. Msimu huo ukipita bila tovuti kuniletea hata harusi moja, nafunga mlango na kupanda basi. Dada alisema, "Umeapa?" Nikasema nimeapa.

Aliyenitengenezea alikuwa mtumishi mmoja wa serikali pale Rubwera, mwanamke mwenye miwani na subira ndogo, ambaye siku za mapumziko huwatengenezea watu tovuti. Nilimpelekea flashi imejaa picha nikidhani ataziweka zote. Akacheka. Akanieleza kwamba mteja wa mtandaoni ana haraka kuliko mwenye njaa. Weka picha chache, nzuri, na zipunguzwe uzito zifunguke hata mtandao ukiwa unajikokota. Namba ya simu ikae juu, isitafutwe. Sema uko wapi na unapiga nini, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyasema. Na ile picha ya kwanza, akasema, ndiyo mlango wa duka. Ikimkaribisha, ataingia. Ikimnunia, amekwenda zake.

Akaanza kuzipitia. Akapitia, akapitia, akavua miwani. "Mama," akasema, "hizi ni harusi au misiba?"

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Yeye kwao ni mbali na huku, hajui. Kwetu bibi harusi hainui uso siku ya kuagwa. Anakaa ameinamisha kichwa, kitambaa cha machozi mkononi, shangazi yake pembeni akimchunga. Anayechekacheka siku hiyo watu husema amefurahi kuwakimbia wazazi, na neno hilo humfuata mpaka kwa mumewe. Mimi nimewapiga mabinti wa Karagwe na Kyerwa miaka yote, wote wanatazama chini, na nilijua kuwapanga wainame vizuri ili hata machozi yaonekane. Nilikuwa najivunia kazi ile. Yeye akaniambia tu, "Nitafutie mmoja anayecheka. Mmoja anatosha."

Alikuwepo mmoja. Nilikuwa karibu nimemsahau. Ilikuwa Nyakasimbi, kwa familia moja ambayo wazee wao walitoka Rwanda zamani, wakulima, watu wa kanisani. Mume wangu alikuwa mgonjwa tayari, kamera nilishika mimi. Msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu mnene na mwenye maneno, aliinuka kutoa shukrani, na kiti cha plastiki kikainuka naye, kimembana makalioni. Akaendelea kuhutubia bila kujua. Watu wazima wote waliuma midomo. Binti yule alishindwa. Alirusha kichwa nyuma akaangua kicheko, shela limeanguka begani, na mimi nikabonyeza. Shangazi yake akamfinya, kisha akanigeukia mimi, "Hiyo usije ukaisafisha." Sikuisafisha. Ilibaki kwenye kompyuta, na ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Huwezi kumtundika mtu mbele ya dunia bila kumuuliza. Nikaisafisha nakala moja kwa adabu, nikaitia fremu, nikapanda bodaboda mpaka Nyakasimbi kwa mama yake kuomba namba ya simu ya binti.

Mama alikuwa kwenye kibanja chake cha migomba, anapunguza majani. Nikamwamkia, akaitika, akanikumbuka. Alipoiona picha alikaa chini palepale kwenye majani makavu.

"Huyu alikwenda na uzazi," akasema. "Yeye na mtoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, nikamwambia picha siiweki popote, na hii fremu ni yake. Hakuwa ananisikiliza. Alisema siku ile ya kuagwa alimnunia binti yake kwa aibu ya kicheko kile, hata gari lilipoondoka hakutoka nje kumpungia. Baadaye walizoeana tena kwa simu, lakini uso wenyewe hakuuona tena, alisimuliwa tu na watu waliokwenda huko. Na mazishi yalikuwa kwa mumewe, mbali huko Kyerwa, kama inavyopasa kwa aliyeolewa. Amelala kwenye migomba ya watu.

Nikatoa simu kumwonyesha jinsi tovuti ilivyokuwa inatengenezwa, nipate tu la kusema. Akaangalia kwa muda. "Waitu, tafadhali mwanangu," akaniambia, "muweke. Wamuone."

Basi akawekwa, wa kwanza, uso mzima, na nyuma yake wakafuata wale wengine wameinama. Yule wa Rubwera alifurahi. Aliniwekea pia sehemu ya kuona wageni. Jina la mtu huoni, unaona tu kwamba fulani ameingia, amefungua nini, amekaa kiasi gani. Siku za mwanzo waliingia wengi, majirani na wapita njia niliowatumia anwani mwenyewe. Halafu kimya. Kahawa ikaanza kuiva, malori ya wanunuzi yakajaa Omurushaka, na tovuti yangu ikawa kama benchi langu la nje.

Isipokuwa mtu mmoja. Kila jioni, karibu na magharibi, aliingia mtu. Anafungua ukurasa wa kwanza, anakaa, anateremka mpaka kwa maharusi wengine, anarudi juu, anakaa tena, anatoka. Kitufe cha kupiga simu habonyezi. Kesho yake tena.

Niliwaza sana ni nani. Nilimfanya bwana harusi mwenye mchumba mgumu kuridhika. Siku nyingine nilimfanya binti aliyejificha chooni asionekane na kaka zake. Nikawa namtengenezea yeye. Nilikikuza kile kitufe. Niliandika, "Karibu, piga hata kama ni kuuliza tu." Niliondoa maneno marefu kuhusu lenzi ambayo hata mimi yalinichosha. Nikaeleza studio iko upande gani wa barabara ya Kyerwa, asije akapotea. Ikifika saa yake naweka simu karibu, na Mungu anisamehe, hata magharibi nilikuwa naiswali jicho moja liko huko. Akichelewa namwambia, "Leo wapi wewe?" Akiingia namwambia, "Ehee, karibu. Piga basi. Hebu piga, nakula mtu mimi?" Nilikuwa nasema kwa sauti, kwenye chumba cha nyuma, na sufuria la ndizi za watu watatu.

Niseme ukweli, nilimpenda mgeni yule. Ndiye aliyekuwa akija.

Kahawa ikauzwa. Harusi zikaanza. Jumamosi nasikia msafara wa tarumbeta unapita barabarani, mpigapicha amekaa juu ya gari, siye mimi. Nikaanza kuweka vitu kwenye maboksi, taa kwanza, kisha lile pazia la maua la nyuma ambalo mume wangu alilichora mwenyewe. Dada akaniuliza apake chumba rangi gani. Nikamwambia yoyote.

Halafu nikapata wazo, na niliona ni wazo la akili sana. Mgeni wangu ni mtu wa hukuhuku, nikasema. Anapenda kazi yangu, kila siku anarudi, lakini pembeni yake yuko mama mkwe au shangazi, na wakifungua tu wanakutana na bibi harusi ameachia meno yote. Ndiyo maana hapigi! Nilijilaumu kwa kumsikiliza mwenye miwani, ambaye hajui desturi. Nilishafundishwa kubadilisha picha, kwa hiyo asubuhi hiyohiyo nilimtoa yule wa Nyakasimbi, nikaweka mwingine aliyeinama vizuri, chozi limesimama shavuni.

Jioni mgeni akaingia. Akatoka. Akaingia tena. Akatoka, akaingia, akafungua kurasa zote, mpaka ule wa bei, mpaka ule wa kuhusu sisi. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikasema huyo, amepatikana, kesho anapiga simu.

Hakupiga simu. Kulipokucha vizuri bodaboda ilisimama mbele ya studio, akashuka mama mmoja amejifunga kitenge cha kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Sikumtambua mpaka alipofika mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu umempeleka wapi?"

Sikuelewa. Akasema jana amemtafuta hayumo. Mwenye duka la jirani yake amemtafutia kila mahali, kapekua mpaka simu ikaisha chaji, hayumo. Kumbe kila jioni mama huyu alikuwa akienda dukani, ananunua kiberiti, kisha anamwomba mwenye duka atafute jina la studio lililo nyuma ya fremu, amfungulie kwenye simu yake. Yeye ya kwake ni ya kubonyeza tu. "Nina viberiti vya kuwasha Karagwe nzima," akasema, lakini hakucheka.

Nikakaa kwenye kiti cha pasipoti. Mtu wangu wa kila jioni. Bwana harusi wangu, binti wangu wa chooni, wote hawakuwepo. Niliona aibu, na niliumia pia, sitaficha, niliumia kwa ajili yangu kwanza.

"Mama, lakini si nilikuletea ile ya fremu?"

"Ipo ukutani," akasema. "Sikatai. Ile yuko peke yake." Akatafuta maneno, maana Kiswahili si lugha yake ya jikoni. "Kule walikomzika pia yuko peke yake, hakuna hata mtu mmoja wa kwetu. Humu kwako yuko na wenzake. Namuona yeye, halafu nawaona wenzake wanamfuata nyuma, wamevaa kama yeye. Nikiwamaliza wote narudi nyumbani."

Nilifungua kompyuta nikamrudisha mahali pake. Mtandao ulijikokota, tukangoja wawili tumekaa bega kwa bega, mpaka akatokea kidogokidogo, paji la uso kwanza, kisha meno. Mama aligusa kioo kwa kidole kimoja. Nikamchemshia chai. Alipokuwa anakunywa ndipo akaona maboksi.

"Unahama?"

"Naenda kwa dada yangu, Tanga. Huku kazi hakuna."

"Na hii?" Akaonyesha kompyuta.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia tovuti hutunzwa, ikikosa mtu wa kuitunza huzimwa.

Akanywa chai yake yote. Akakunja vizuri ncha ya kitenge, akasimama. "Basi nitazoea," akasema. "Nimezoea mengi." Akanishukuru kwa chai, akanitakia safari njema, akaenda kusimamisha bodaboda. Nilisimama mlangoni mpaka ilipopotea, kisha nikarudi ndani nikalia kilio ambacho hata kwenye msiba wa mume wangu sikukilia, kwa sababu siku ile nilikuwa na wageni wa kupikia.

Ijumaa dada akapiga kama kawaida.

"Haya, harusi imepatikana?"

"Haikupatikana."

"Hata moja?"

"Hata ya dawa."

"Basi Mungu ameamua. Chumba tumeshapaka, kijani. Unatoka lini?"

"Siji."

Akawaka. Moto mtupu. Akanikumbusha nilivyoapa, na kwamba shemeji ameshawaambia majirani, na kwamba ukaidi huu nimeurithi kwa bibi yetu mzaa baba. Yote kweli. Nilimwacha amalize.

"Kuna mtu huja jioni," nikasema.

"Mtu gani? Mwanamume?"

"Mwanamume wapi! Ni mama mmoja wa Nyakasimbi. Anakuja kumwona mwanawe."

"Kwani unamlelea?" Sauti yake ililainika, dada yangu anapenda watoto. "Hukuniambia. Ana umri gani?"

"Ni bibi harusi," nikasema.