Mshale Uliosimama Nusu Tangi

Mshale ulikuwa unaonyesha nusu tangi. Gari limezima katikati ya reli, Buguruni, mchana kweupe, treni inapiga honi, na mama yangu yuko kiti cha nyuma.

Nikapiga stata. Ikalia, haikushika. Nikapiga tena, macho yangu kwenye mshale. Nusu tangi! Gari lenye nusu tangi linazimaje? Watu wakaanza kupiga kelele, "Toka! We baba, toka!"

Nikatoka. Lakini gari lenyewe la spoti, la milango miwili. Wa nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Kiti cha abiria kilikuwa na sufuria kubwa tunapeleka msibani, halikupita nyuma, ndiyo maana mama akakaa nyuma yeye. Nikavuta kiti changu, kikakwama nusu. Nikamshika mama mikono nikamvuta kwenye ule upenyo. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja. Treni ilishashika breki, nilisikia chuma kinavyolia, lakini ilikuja tu. Ikaligonga gari mkiani, gari likazunguka, mlango ukambamiza mama nyonga. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vilibaki pale.

Kitu nilichosema, na wapo waliosikia, ni: "Lakini kuna mafuta." Damu inatoka, mama amelala kwenye kokoto, mimi nasema kuna mafuta.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nauza mabegi ya shule Kariakoo. Zamani nilikuwa nabeba mizigo Posta, na kulikuwa na gari kama lile likiegeshwa karibu na ofisi moja, jekundu, limelala chini kama paka anayevizia. Nikajiapiza, ipo siku. Siku ilipokuja nina mvi. Mama alipoliona pale nje kwetu Magomeni alicheka mpaka akashika ukuta. "Milango miwili! Wageni wako watapitia dirishani?"

Wa kwanza kunidanganya ni dalali. Jina lake ninalo, nimelipeleka polisi, hapa siliandiki. Ni yule mwenye meno ya mbele yameachana, anayesimama na magari ya kuuza nyuma ya soko. Nilimwambia, gari zuri lakini spoti za zamani zinakunywa mafuta kama zimelaaniwa. Akasema, "Mzee wangu, hili halinywi, linalamba. Panda tuzunguke." Tukaenda Posta, tukarudi kwa njia ya Magomeni, foleni yote ile na kiyoyozi kinawaka. Mshale haukutoka nusu. Akagonga kioo cha dashibodi kwa kucha. "Umeona? Linalamba." Nikaona. Nilitaka kuona.

Nikalichukua. Nikawa natia mafuta kama sisi wote tunavyotia, ya elfu kumi leo, ya elfu ishirini keshokutwa. Nani mtaani kwetu anajaza tangi? Mafuta ya kulala kwenye gari ni hela imelala. Nikaona ajabu moja: nikitia, mshale haupandi. Nikizima gari unalala, nikiwasha unapanda mpaka nusu, unatulia. Nikampigia dalali. "Nenda kwa fundi wangu, mtaa wa Gerezani, anajua dashibodi kuliko waliozitengeneza."

Huyo ndiye wa pili. Siku hiyo nilikuwa na mama, nimemtoa kliniki ya presha. Fundi akaacha kazi, akaja mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwangalie huyu na gari lake la harusi."

Wakacheka. Akamtolea stuli, akampa maji. Halafu akafungua dashibodi. Mafundi wa pale wana desturi: akifunga skrubu anaidondoshea rangi ya kucha, kila mmoja na rangi yake, ili kesho ukimletea lawama ajue kama ni mkono wake au wa mwingine. Nilimwona anafungua skrubu zenye nukta nyekundu. Akachungulia ndani, hata dakika mbili hazikufika, akafunga. Akatoa kichupa chake, akadondoshea. Nyekundu.

Nimeiona kwa macho yangu, jamani, na kichwa hakikushika kitu.

"Geji nzima," akasema. "Mzee, elfu ishirini kwenye tangi hili itapandisha nini? Jaza fulu ndiyo utaona." Alijua sitajaza. Akamgeukia mama: "Mama, mwambie ajaze." Mama akasema, "Huyu hata mtungi wa maji hajazi." Tukacheka tena, wote watatu.

Baada ya ajali mabaki yalipelekwa yadi ya polisi. Nikaenda na fundi mwingine, mtu mzima asiyejuana na wale. Akafungua geji mbele yangu na mbele ya askari. Nyuma yake, waya wa kutoka kwenye tangi umekatwa. Mahali pake kimeunganishwa kidude kidogo kama punje ya mpunga, kimezungushiwa utepe mweusi. "Hiki," akasema, "kinaudanganya mshale. Hata ungetoa tangi lote ukalitupa, hapa utasoma nusu." Nikakaa chini, palepale kwenye mchanga wenye oili. Kwenye kila skrubu kulikuwa na nukta nyekundu, mpya juu ya ya zamani.

Nimemwonyesha askari. Ameandika. Dalali anasema aliuza gari kama alivyolipokea. Fundi anasema rangi ya kucha inauzwa kila duka.

Mama hainuki kitandani sasa. Namgeuza mimi, kwa mkono wenye vidole vitatu. Hanilaumu, ananiuliza tu, "Yule kijana aliyenipa maji, alikuwa anajua?" Jibu analo yule fundi.

Kwa hiyo wewe fundi, kazi zako zinasomwa kwa rangi na mtaa mzima unaijua. Stuli ipo kando ya kitanda, Magomeni, na nyumba ulielekezwa na mama mwenyewe siku ile, akikukaribisha chai. Polisi nitaendelea nao, hilo usihesabu limekwisha. Lakini kabla ya polisi, njoo. Mwamkie kama ulivyomwamkia. Akishakuitikia, mwambie ulipofungua ile geji uliona nini, na kwa nini ulifunga.