Verla na Dume la Korongoni

Shangazi Verla Skaggs hapendwi na watu wengi, na wala hana habari. Anakata nyama kwenye bucha la mjini kwetu, na mteja akithubutu kuuliza kama nyama ni laini, anaambiwa atafune ajue. Mimi nimeolewa na Lyle, mtoto wa kaka yake, kwa hiyo namwita shangazi. Yeye kwa miaka mingi hakuniita kitu chochote. Namsimulia kwa sababu nilikuwepo siku ile mlimani, na kwa sababu baba mkwe wangu, Delmar, anaisimulia kwa uongo mpaka leo.

Kila Septemba ukoo wa Skaggs hupanda milima ya Bitterroot na farasi kuwinda elki kwa upinde. Elki ni aina ya kulungu, ila ana mwili mkubwa kama wa farasi, na mwezi huo madume huwa na wazimu wa majike. Dume hulia kwa sauti nyembamba inayopanda kama filimbi, kisha anakoroma. Mwindaji naye anapuliza bomba lake kumwiga. Dume akidhani kuna mwenzake amekuja kumnyang'anya majike, anamfuata mwenyewe ili wapigane.

Mzee Amos, baba yao, alipokuwa hai, Verla aliwinda sambamba na kaka yake na hakuna aliyebisha. Mzee alipozikwa tu, Delmar akajitwalia hema, farasi na mdomo wa kuamuru. Wanawake wapike, akasema. Verla akamwambia apike mwenyewe. Katika safari ninayoisimulia, tukiwa bado tunafunga mizigo, Delmar alimgeukia mbele yetu sote.

"Sikia, Verla. Ukishuka mikono mitupu, mwakani unakuja kupika au huji kabisa."

"Na wewe ukishuka mikono mitupu?"

"Mimi ndiye mwenye kambi."

"Kambi ya baba."

"Baba amekufa. Na usinisemeshe tena."

Verla hakumsemesha. Alikuwa mtu mzima, hana mume wala mtoto, na mlima ule ndio kitu pekee alichowahi kukililia. Nilimchukia Delmar siku ile, na bado sijaacha.

Kambini kuna desturi. Asubuhi, kahawa ikiwa mkononi, kila mtu anataja korongo analokwenda, watu wasije wakakutana porini na mishale. Lyle alitaja lake. Delmar na Verla, kwa kiburi chao, kila mmoja alimeza kahawa kimya akaondoka zake. Lyle aliwaambia wanatafuta balaa.

Siku ya tatu jioni Delmar hakuwa na habari nyingine ila dume lake.

"Hilo ni dume la maana," alisema akijipakulia maharage. "Limezeeka, lina hasira. Nikipuliza, linanijibu hapo hapo. Linanitukana kabisa. Sijasikia sauti kama ile toka nizaliwe."

"Korongo gani, baba?" Lyle aliuliza.

"Korongo la kwangu."

Verla alitafuna nyama yake bila kuinua macho. Na yeye alikuwa na dume lililokuwa likimjibu kila alfajiri, lakini angemwambia nani? Wote wawili walikuwa wamenunua mabomba mapya, kila mmoja kwa siri, na sauti zao hazikuwa tena zile walizozoeana tangu utotoni.

Asubuhi iliyofuata Verla aliniambia nimbebee maji. Tulijibanza kwenye misonobari michanga, akapuliza. Dume likajibu, karibu mno. Akapuliza tena, akashika tawi kavu akaanza kuukwangua mti kama dume anavyosugua pembe, vichaka vikawa vinatikisika. Nilisikia kijiti kikivunjika. Halafu nikasikia mvumo, na mshale ukakita kwenye shina, kiganja kimoja tu kutoka shingoni mwa shangazi.

Delmar akatokea akikimbia, uso umemjaa furaha. Alipotuona alisimama.

"Ungesema uko huku," alisema.

"Ulinikataza kukusemesha."

"Nani anatikisa mti namna hiyo?"

"Elki. Na mimi."

"Na ile sauti ya siku zote hizi?"

"Yangu. Asante kwa sifa."

Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Wewe unacheka nini?" Delmar alinifokea. "Kaoshe sufuria." Kisha akapunguza sauti, akamsogelea dada yake. "Verla, haya yaishie hapa. Utawinda kila mwaka, unavyotaka, na sitakugusa. Lakini Lyle asijue."

Kile Verla alichokuja kukitafuta mlimani kilikuwa kimewekwa mkononi mwake.

"Nafasi hiyo si yako kunipa," alisema.

Akatoa kisu, akauchimbua mshale kwenye mti, akashuka nao hadi kambini na kuutupa mezani mbele ya Lyle. Akaeleza kwa maneno machache ulikotoka. Lyle aliugeuza mshale, akauona unyoya wa njano wa baba yake, akaenda kumtandikia farasi.

"Lyle, unanifukuza mimi?" Delmar aliuliza, akifika nyuma yetu.

"Anayepiga asichokiona anashuka siku hiyo hiyo, baba. Ndiyo sheria ya babu. Ulimfukuza nayo binamu Wade."

"Mimi si mtu wa kulinganishwa na Wade. Verla alijitafutia mwenyewe."

"Panda farasi, baba."

Alipanda. Hakumwomba dada yake radhi siku ile, wala hajawahi kumwomba mpaka leo. Anachosimulia mjini ni kwamba Verla alimtega. Na Verla hakupata mnyama mwaka ule. Alishuka mikono mitupu, na hakuna aliyethubutu kumwambia lolote kuhusu kupika.

Septemba iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, na Delmar hakuwa nasi. Alfajiri ya kwanza tulisikia mlio ng'ambo ya bonde. Lyle alidaka upinde. Verla alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia auweke chini.

"Huyo si elki, ni baba yako. Amekuja peke yake."

Mlio ukaja tena na tena, ukikatika mwishoni. Lyle alimtazama shangazi yake, akatazama bomba lililolala mapajani mwake.

"Mjibu basi, shangazi."

Verla alijimiminia kahawa. Delmar aliita mpaka jua likatoka, na hakujibiwa.