Ndama Mwekundu wa Kefa

Kumeanza kupambazuka Kinyangiri, na baridi haina huruma. Kefa Msengi (41) amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mweusi, ndoo katikati ya magoti, anakamua. Mara kwa mara anageuka kumtazama bintiye Raheli, aliyejifunika shuka mlangoni na kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi.

"Maliza yote, mama," anamwambia.

Raheli ana miaka saba na ana selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Maji mengi, vidonge vya kila siku na kukwepa baridi humpunguzia maumivu ya mifupa, lakini mwaka jana alilazwa mara nne. Kaka yake, Joshua, alifariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na miaka mitatu.

Watu walisema ugonjwa umetoka kwa mama, na Kefa, bila aibu, akaamini. Kwao wote ni wazima, basi damu mbovu ni ya wakwe. Raheli naye alipoanza kuvimba vidole, Kefa alimrudisha mkewe Jenifa kwao Kinampanda, mchana kweupe, mbele ya wazee. Mtoto akabaki na baba.

Miaka hiyohiyo Kefa alikuwa hasalimiani na jirani yake Lazaro. Ng'ombe mweusi wa Kefa, aliyepandwa na dume wake mweusi, alizaa ndama mwekundu. Kefa akaapa kwamba dume mwekundu wa Lazaro ameruka boma, ingawa jike wake hakutoka zizini hata siku moja.

Kisa hicho alikisimulia kwa hasira hospitalini, Raheli akiwa amelazwa. Muuguzi Agnes, naye binti wa mfugaji, hakucheka. Alimweleza kwamba wekundu unaweza kujificha ndani ya dume mweusi na jike mweusi, vizazi na vizazi, mpaka ukutane kwa ndama mmoja. Selimundu nayo hurithiwa hivyo: baba anaibeba bila kuumwa, mama vilevile, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kisha akaomba kumpima damu Kefa mwenyewe.

Jibu likaja: anaibeba.

"Nilikaa kwenye benchi mpaka wakaja kufagia," anasema. "Nimemsingizia dume wa mwenzangu, nikamsingizia mke wangu. Kumbe yote yalikuwa zizini mwangu."

Kwa Lazaro alishakwenda, wakayamaliza. Jenifa ni habari nyingine. Kefa alipompigia kuomba radhi, mkewe alimjibu kwa upole kwamba yeye hakufukuzwa kwa simu.

Jumamosi hii Kefa ataanza safari ya Kinampanda na wazee walewale, akimswaga yule ndama, sasa mtamba, jike mkubwa ambaye hajazaa, na karatasi ya vipimo mfukoni. Kama mkewe atakubali kurudi, hajui.

"Asiporudi, ni haki yake," anasema, akimpokea Raheli kikombe kitupu. "Ila wazee walionisikia nikimwita mwenye damu mbovu, wanisikie nikisema na mimi ninayo."