Vikofia vya Bi Eduvina

Bi Eduvina Perdomo alikuwa mwongoza sala za matanga katika mji wa Agua Tibia, kwenye mabonde ya migomba ya Honduras. Mtu akifa, yeye huitwa kabla ya seremala. Kwa siku tisa, kila saa kumi jioni, hukaa kitini na rozari mkononi akivuta sauti, wafiwa wakimwitikia huku jicho moja liko kwenye kahawa na mikate. Watakatifu aliwajua kwa majina kama mwalimu anavyowajua watoro. Jambo moja tu hakulijua, na kwa sababu ya hilo mji mzima ukampa jina la Mama Kofia.

Ilianza na redio. Palikuwa na tangazo ambalo hata watoto waliliimba njiani: "Bila kikofia, hakuna karamu!" Bi Eduvina alilisikia akakanda unga wake wa mahindi kwa furaha. Hatimaye, alisema, serikali imekumbuka kukinga vifua vya watu na baridi. Mwaka ule alikuwa ameshaongoza sala za vijana watano, na kila nyumba ilimwambia marehemu aliondoka kwa kifua. Akanunua sufi, akafuma vikofia thelathini na sita, akavipanga ndani ya beseni, akavifunika kitambaa safi, akavipeleka zahanati.

"Dada nesi, nimeleta mchango wangu kwa ile kampeni ya vikofia."

Nesi Marlen alifunua kitambaa. "Bi Edu, hivi ni vya nini?"

"Vya vijana. Wavae kabla ya karamu. Na mtu mzima akitaka, havimbani, vinavutika."

"Vinavutika," nesi alirudia, na hapo akashindwa. Akashika meza, machozi yakamtoka kwa kicheko. Kwenye benchi la wagonjwa, mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji akauliza kwa huruma, "Lakini mama, vya sufi si vitawasha?"

Nesi akamnong'oneza Bi Eduvina sikioni kwamba kikofia cha redioni ni kondomu. Bi Eduvina aliliacha beseni palepale akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya kwenye matope.

Wiki iliyofuata akawa kiongozi wa wanaopinga nesi kufundisha mambo ya kondomu shuleni. Alipita nyumba kwa nyumba na karatasi iliyosema vijana wafundishwe kusubiri ndoa, basi. "Nilimwambia padri ni uchungu wangu juu ya usafi wa vijana," husema mwenyewe siku hizi. "Robo ilikuwa usafi. Robo tatu ilikuwa lile beseni."

Mwanawe Olvin, kitinda mimba, dereva wa lori la ndizi wa miaka ishirini na minne, alisaini akicheka.

"Mama, nikisaini itabidi nifuate?"

"Utafuata, la sivyo hutakula kwangu."

"Basi leta kalamu, maana nimesikia harufu ya maharage."

Siku chache baadaye, akifua suruali ya Olvin, alikuta mfukoni pakiti ya vile vikofia vya redioni. Akaitupa chooni. Alipomwona mwanawe mlangoni akamwambia kitu kile kisiingie tena katika nyumba yenye picha ya Bikira. Olvin akambusu kwenye paji la uso. "Sawa mama. Havitaingia." Na kweli, havikuingia tena.

Nesi akazuiwa kukanyaga shule. Beseni alimrudishia Bi Eduvina kimya kimya, na vikofia vikalala chini ya kitanda miaka minne, mpaka Olvin alipoanza kukohoa. Alikonda, akawa anatetemeka katika joto lile la migomba, akaomba kofia. Mama yake akamvalisha moja ya bluu. Alikataa kuivua, hata akazikwa nayo. Siku tisa Bi Eduvina aliongoza sala za mwanawe mwenyewe, na kila aliyeuliza alijibiwa: kifua.

Miezi mitano baadaye, wabunge wakabishana tena redioni: shule zifundishe kusubiri peke yake, au na kinga pia? Meya, aliyewaogopa wapigakura wa pande zote mbili, akaitisha mkutano wa wazi ili mji uamue wenyewe. Bwana Tulio, mwenyekiti wa wazazi, akaja na kofia mkononi.

"Bi Eduvina, wewe ndiwe sauti yetu. Dakika tano tu, kama zamani."

Akakubali, kwa mazoea. Alipoondoka, mjukuu wake Yessenia, aliyekuwa akisoma shule hiyo na kuishi naye, akaacha kuosha vyombo.

"Bibi, na wakiuliza mjomba alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kifua."

"Mji gani huu, Bibi, ni vifua vitupu?"

Bi Eduvina alimwambia asugue sufuria vizuri. Lakini usiku ule sala ya rozari ilimkatikia kila mara kwenye tendo lilelile, na asubuhi akavaa nguo yake ya matanga kwenda mkutanoni.

Ukumbi wa shule ulijaa. "Mama Kofia huyo!" mtu alipaza sauti, watu wakaangua kicheko.

"Ndimi," alisema. "Chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka, ingawa ilinichukua miaka mitano. Na bado nasema vijana wasubiri. Mimi nilisubiri. Na marehemu mume wangu alisubiri, angalau aliniambia hivyo." Kicheko kikazidi. Akangoja kiishe. "Olvin wangu hakusubiri. Alikuwa na kikofia mfukoni, mimi nikakitupa chooni, nikambakizia cha sufi. Hicho alikivaa mpaka mwisho. Mwanangu hakufa kwa kifua, alikufa kwa ukimwi. Na hao wengine wa kifua niliowasalia, ninyi mliokuwa mkiitikia mlijua, nami nilijua. Tukasema 'utuombee', tukanywa kahawa."

Akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Tulio, kwenye ile karatasi nifutie jina langu. Na la Olvin, alisaini kwa ajili ya maharage."

"Bi Eduvina! Tulikualika utusemee sisi!"

"Ndiyo, ndugu yangu. Lakini unajua ninavyoielewa mialiko, tangu ule wa redioni."

Watu wakanyoosha mikono, ikahesabiwa. Nesi Marlen akapewa saa moja kila Alhamisi, na robo saa ya kwanza, kwa kumridhisha padri, akapewa Bi Eduvina azungumzie kusubiri. Yessenia aliomba kuhamia shule nyingine, akakataliwa.

Alhamisi ya kwanza, mvulana wa dawati la nyuma hakumwacha hata amalize ishara ya msalaba.

"Bi Edu, vile vya sufi bado vipo?"

Darasa likapasuka. Yessenia akaficha uso kwenye daftari. Bi Eduvina akacheka nao, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Vipo, mwanangu," alisema. "Vimebaki thelathini na tano."

Kisha akaketi kabla robo saa yake haijaisha, akamwashiria nesi afungue boksi lake la vikofia vya redioni.